Waraka kwa wasanifu majengo: sifuri yenu iko wapi?

Dar es Salaam

Kwenu kaka na dada zangu wasanifu majengo, na kwenu wazee wetu mlioanza kazi kwenye meza ya kuchorea kabla kompyuta hazijaingia ofisini.

Yah: Mahali inapoanzia michoro yenu

Mimi ni mpima. Ninyi mkishachora, mteja akishaipenda picha, mkadiriaji akishatoa bei na kibali kikishatoka, ndipo mimi napigiwa simu: njoo utusetie nyumba. Nafika saiti asubuhi na total stesheni begani, natafuta bikoni kwenye majani, nafungua faili lenu, na kabla sijapiga kigingi hata kimoja nauliza swali moja ambalo kwa miaka yote hii nimepewa majibu ya kila aina isipokuwa jibu lenyewe: sifuri yenu iko wapi?

Mmoja alinijibu, "Iko palepale ilipo kwenye programu." Mwingine alisema nimuulize mhandisi. Mhandisi akasema nimuulize msanifu. Wako miongoni mwenu wanaojibu kwa sentensi moja iliyonyooka, na hao nawashukuru hadharani, maana siku zao za kuseti huwa naondoka saiti kabla ya adhuhuri. Waraka huu nauandika kwa sababu wao ni wachache mno.

Ninaposema sifuri nina maana ile nukta ambayo programu inahesabia kila kitu. Kila pembe ya ukuta, kila nguzo, kila kizingiti cha mlango kwenye Revit, ArchiCAD au AutoCAD kina anwani ya namba tatu: umbali wa kwenda mashariki, wa kwenda kaskazini, na wa kwenda juu. Saiti tunaziita kodineti. Darasani tulifundishwa kuziita majiranukta. Mkinipa kodineti bila kunieleza zinahesabiwa kutoka wapi, mmenielekeza nyumba kwa kusema "tembea hatua mia mbili, kata kulia", huku mkiwa hamjaniambia nianzie kituo gani. Wazee wetu walipotaka kujua mtu ni wa wapi waliuliza kitovu chake kimezikwa wapi. Nami nauliza vivyo hivyo juu ya nyumba zenu, na nyumba nyingi nilizoletewa hazina aliyeshuhudia kitovu kikizikwa.

Niruhusuni niwape kisa. Ofisi sitazitaja, wala shule yenyewe.

Nilipewa kazi ya kuseti bweni la ghorofa nne. Nguzo 24, kila moja na shimo lake la mita moja na nusu kwenda chini, na mashimo yote yachimbwe kwa sururu na koleo kwa kuwa kijiko kisingeweza kupita katikati ya majengo yaliyokuwepo. Nikakabidhiwa mchoro wa mhandisi wa miundo wenye kodineti za gridi zote. Nikaweka vigingi kwa siku moja. Vibarua wakachimba siku sita. Siku ya saba foremani, mzee ambaye hana imani sana na mashine zetu, akachukua tepu akapima kutoka mpaka wa mashariki hadi gridi ya kwanza. Mchoro wa msanifu unasema mita 3.00. Tepu ikasoma 1.65. Akapima tena, 1.65. Hakupaza sauti. Alinifuata nilipokuwa nimekaa kivulini, akanyoosha tepu mbele ya macho yangu, kidole gumba kimebana ile namba, akanyamaza mpaka nikaisoma.

Jioni ile tulikaa na mafaili mpaka usiku tukaelewa. Mhandisi alikuwa akiuingiza mchoro wa msanifu kwenye modeli yake kwa kuiagiza programu ilinganishe katikati kwa katikati. Programu ikiagizwa hivyo, inazungushia sanduku lisiloonekana kila kilichomo kwenye faili, inatafuta katikati ya sanduku hilo na kuibandika juu ya katikati ya modeli. Mara ya kwanza ilikwenda vizuri, akasogeza kidogo, vikakaa sawa. Baadaye msanifu akatoa toleo jipya. Kitu alichoongeza kilikuwa tangi la maji upande wa magharibi, lililotokeza nje ya mchoro wa zamani kwa mita 2.70. Nyumba hakuigusa. Mhandisi akafuta mchoro wa zamani, akaingiza mpya kwa njia ileile na kuusogeza kwa kiasi kilekile. Lakini sanduku lilikuwa limerefuka mita 2.70 kuelekea magharibi, kwa hiyo katikati yake ilikuwa imehama nusu ya hapo, mita 1.35, na programu ilipoirudisha katikati hiyo mahali pake, nyumba nzima ikasukumwa mita 1.35 kwenda mashariki. Mhandisi akaona nguzo zake haziko tena chini ya kuta. Akadhani msanifu ameihamisha nyumba. Kwa adabu ya kazi, bila kuuliza, akahamisha nguzo zote 24 zifuate kuta.

Mchoro wa msanifu ulikuwa sahihi. Mchoro wa mhandisi ulikuwa sahihi kwa alichokiona. Vigingi vyangu vilikuwa sahihi kwa mchoro wa mhandisi, hadi milimita. Na mashimo 24 yalikuwa mahali pasipo pake.

Mashimo yale hayakufukiwa tu yakaisha. Kila shimo jipya lilimega kipande cha lile la zamani, na msingi haukalishwi sehemu moja juu ya ardhi ya asili na nyingine juu ya kifusi, maana upande mmoja utatitia. Ikabidi pale yalipokutana pajazwe zege dhaifu. Vijana waliochimba siku sita wakaambiwa wachimbe tena, na kwa siku tatu hakukuwa na wa kuwaahidi malipo kwa sababu kila ofisi ilikuwa inaiandikia nyingine barua. Sehemu yangu ya kosa naibeba: nilipaswa kupima umbali mmoja kutoka kwenye bikoni kwa tepu kabla ya sururu ya kwanza kushuka. Tangu siku ile sijaacha kufanya hivyo. Lakini naomba mkumbuke kwamba katika mlolongo mzima, toka ofisini hadi shimoni, hakukuwa na karatasi hata moja iliyoandika: sifuri ya mradi huu ni hapa.

Kuna wengine kati yenu mliokwepa kosa hilo mkaangukia la pili. Hao ni wale waungwana waliosikia kwamba nyumba lazima ikae kwenye kodineti za kweli, wakachukua ramani ya upimaji na kuibandika kwenye programu na namba zake zote kubwa. Kijana mmoja mahiri, ambaye kazi zake nazipenda kwa dhati, aliniita ofisini kwake nimsaidie. Kwenye kioo chake mistari ilikuwa inacheza. Akisogeza picha kidogo, ukuta unatetemeka. Nguzo ya duara imekuwa na pembe kama jiwe lililochongwa vibaya. Vigae vinakataa kujaza sakafu. Akitaka kushika kona, mshale unarukia kando. Alikuwa ameshabadilisha kadi ya picha, na alikuwa anafikiria kubadilisha kompyuta nzima. Nikamwomba aniwekee kodineti za kona ya jengo. Mashariki 530,000 na ushei, kaskazini 9,248,000 na ushei. Jengo lake lilikuwa limekaa kilomita elfu tisa na zaidi kutoka kwenye sifuri ya programu.

Namba hizo zinatoka kwenye mfumo wa UTM, nao una mantiki yake. Kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta, na wapimaji hawapendi kufanya kazi na namba hasi, ikweta inapewa namba 10,000,000 na hesabu inashuka kadiri unavyokwenda kusini. Mita nayo, Wafaransa walipoiweka mwishoni mwa karne ya 18, waliipata kwa kugawa umbali wa kutoka nchani hadi ikweta sehemu milioni kumi. Kwa hiyo sifuri ya kaskazini ya namba zetu inaangukia karibu kabisa na Ncha ya Kusini, kwenye barafu. Kijana wangu alikuwa anachora kabati la jikoni la Kinondoni kwa tepu ambayo mwanzo wake umefungwa huko.

Kompyuta inachoka kwa sababu nyepesi kuelewa. Sehemu kubwa ya kazi ya kuchora picha kwenye kioo hufanywa kwa namba za biti 32, na namba ya namna hiyo inabeba tarakimu saba hivi za kuaminika. Andika 9,248,315 na tarakimu saba zimekwisha. Sentimita na milimita hazina pa kukaa. Katika umbali huo, hatua ndogo kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 32 ni mita moja nzima. Rudisha jengo hadi mita mia moja kutoka kwenye sifuri, na hatua hiyo inakuwa chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Ndani ya faili lenyewe namba zinaweza kuwa zimehifadhiwa kwa usahihi mkubwa zaidi, lakini jicho lenu na mkono wenu vinafanya kazi na kile kinachoonekana, na kinachoonekana kimeshavurugika. Watengenezaji wa Revit wenyewe wanawataka mkae ndani ya kilomita 16 kutoka sifuri ya ndani ya programu. Kwa umbali huo hatua ya biti 32 inakaribia milimita moja, nanyi mnachora viungo vya madirisha. Onyo hilo hutokea kwenye kioo kwa sentensi zilizonyooka. Nimewaona kwa macho yangu wasanifu wa miaka ishirini kazini wakilibofya liondoke bila kulisoma.

Dawa yake mnayo ndani ya programu hiyohiyo. Revit inawapa nukta tatu. Kuna sifuri ya ndani, ambayo haihamishiki, na jengo linatakiwa kuchorwa karibu nayo. Kuna sifuri ya mradi, ambayo mnaweza kuiweka kwenye makutano ya gridi A na 1 au kona yoyote inayowafaa. Na kuna nukta ya upimaji, hiyo ndiyo yangu: mnaiweka kwenye bikoni, mnaiandikia zile namba kubwa za kutoka Ncha ya Kusini, na jengo linajua lilipo duniani bila kubeba dunia mgongoni. ArchiCAD nayo ina nukta ya upimaji na sifuri ya mradi. AutoCAD inawaruhusu kuwa na mfumo wenu wa mhimili juu ya ule wa dunia. Eneo lenu la kazi linabaki dogo na safi, na namba kubwa zinakaa mahali pamoja, zikingoja kuitwa.

Kuna alama ndogo hapo inayonipa homa, nayo ni ile ya kibanio cha karatasi kando ya nukta ya upimaji. Kibanio kikiwa wazi, ukiivuta nukta unahamisha alama tu, na kodineti za jengo zinabaki zilivyokuwa. Kikiwa kimefungwa, ukiivuta unahamisha mfumo mzima. Ubaya wake ni kwamba kwenye kioo hakuna kinachotikisika. Nyumba imekaa palepale, kuta ziko palepale, chapa ukitoa ni ileile. Lakini kila kodineti mtakayonitumia kuanzia dakika hiyo ni ya mahali pengine. Kijana wa mafunzo ya vitendo akigusa hapo saa kumi jioni ili apate nafasi ya kuandika jina la mchoro, jengo limeshahama wilaya na hamjasikia hata mlio. Mimi ndiye nitakayesikia, wiki sita baadaye, jirani atakapokuja na hati yake mkononi. Basi fungeni nukta ile isisogezeke. Programu ina pini ya kazi hiyo.

Sasa naomba niseme juu ya Dodoma, kwa sababu tangu Serikali ilipohamia huko ofisi nyingi za hapa Dar es Salaam zimepata kazi kule, na kila moja imekwenda na faili lake la kuanzia lilelile inalotumia kwa kazi za Mbezi. Tanzania imekatwa na kanda tatu za UTM: 35, 36 na 37. Mstari kati ya 36 na 37 ni longitudo ya 36 mashariki. Dar es Salaam iko kanda ya 37. Dodoma iko magharibi kidogo ya mstari, kwa hiyo iko kanda ya 36. Mkiliacha faili likiwa limeandikwa kanda ya 37 na kuingiza namba za bikoni ya Dodoma, mmelipeleka jengo baharini, mashariki ya mbali, na hilo ndilo kosa lenye heri kwa kuwa linaonekana. Lisiloonekana ni hili: gridi ya UTM haina urefu sawa na ardhi. Dar es Salaam iko karibu na mstari wa kati wa kanda yake, na hapo gridi imefinywa, kiasi kwamba mita 100 za ardhini zinasomeka pungufu kwa karibu sentimita 4. Dodoma iko pembezoni mwa kanda yake, na huko gridi imevutwa: mita 100 za ardhini zinazidi kwa zaidi ya sentimita 5, hata ukishaondoa athari ya mwinuko wa mji ule. Mkichukua kodineti za UTM za kona mbili za kiwanja kirefu na kuzigeuza moja kwa moja kuwa urefu wa jengo, mmejenga kosa ndani ya msingi. Mimi nina njia ya kulirekebisha, ni hesabu ya dakika tano, ila lazima nijue mlichokifanya.

Mshale wa kaskazini wa Dodoma una habari yake pia. Kule pembezoni mwa kanda, kaskazini ya gridi na kaskazini halisi vinaachana kwa karibu theluthi moja ya nyuzi. Inasikika ndogo. Kwenye ukuta wa mita 100 ni nusu mita. Nimepokea michoro mizuri kabisa ambayo mshale wake umewekwa pale palipokuwa na nafasi kwenye karatasi, umezungushwa kwa jicho, ukapambwa na duara na kivuli. Nauliza kwa heshima: ule ni mshale au ni pambo?

Na kama mnachukua kodineti kwenye picha za setilaiti za intaneti, tafadhalini sana. Picha hizo zinatumia mfumo wa WGS84. Ramani nyingi za upimaji zilizoko kwenye makabati yetu ya ardhi ziko kwenye Arc 1960. Namba zinafanana sura, zina tarakimu idadi ileile, wala hakuna herufi inayoonya. Lakini nukta ileile ya ardhini inatofautiana kwa karibu mita 300 kusini na kaskazini, na karibu mita 100 mashariki na magharibi. Nimewahi kuletewa jengo la ofisi ambalo, kwa mujibu wa namba zake, lilikuwa limesimama katikati ya uwanja wa mpira wa mtaa wa pili. Nchi sasa ina mfumo mpya, TAREF11, unaoendana na setilaiti, na vifaa vyetu vya siku hizi vinausoma vizuri. Lakini hati za zamani hazijafutika, na zitaendelea kusomwa mahakamani miaka mingi ijayo.

Hilo jina Arc lina historia ambayo kila mara nikiitazama bikoni ya zamani naikumbuka. David Gill, mwanaastronomia aliyesimamia kituo cha kuangalia nyota cha Cape Town katika karne ya 19, alitaka mnyororo wa pembetatu za upimaji uivuke Afrika kutoka kusini hadi Misri kwa kufuata longitudo ya 30, ile inayopita kwetu mkoani Kigoma, karibu na Kasulu. Kazi hiyo ilikula maisha ya watu wengi kuliko yake. Kipande cha mwisho kilikamilika mwaka 1954. Watu walipandisha vyombo vya shaba vilimani, walikesha wakingoja taa ya mlima wa pili iwake, na wabebaji ambao majina yao hayakuandikwa walibeba mizigo yote hiyo begani. Namba mnazobofya ziondoke kwenye kioo kwa kuwa ni ndefu zilipatikana hivyo. Sidai mzipigie magoti. Nadai mziandike kwenye karatasi ya kwanza.

Nilifika wapi? Kwenye karatasi. Kona ya chini ya michoro yenu kuna sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko sala: vipimo vyote vihakikiwe saiti kabla ya kazi kuanza. Ni sentensi nzuri, na mwanasheria aliyeitunga alijua kazi yake. Lakini kuhakiki ni kulinganisha kitu na kitu. Mchoro usioniambia umeanzia wapi sina cha kuulinganisha nacho. Kwa sentensi ile mmenikabidhi mzigo, kisha mkabaki na ufunguo. Na nyuma yangu yuko foremani, na nyuma ya foremani kuna kijana mwenye sururu ambaye hajawahi kuiona kompyuta yenu na ambaye kosa hili likitokea ndiye pekee anayelilipa kwa mwili wake.

Najua mnavyobanwa. Mteja analipia picha ya jioni yenye taa za njano na mwavuli kwenye baraza. Sijasikia mteja aliyeingia ofisini akauliza habari za sifuri. Najua mara nyingine ramani ya upimaji inawafikia mkiwa mmeshachora nusu, na sisi wapimaji tuna lawama yetu hapo, maana wapo wenzangu wanaotoa faili lenye mistari tupu, limechorwa kwa mita bila kuandikwa mita, na programu yenu ikalisoma kwa milimita, kiwanja cha eka nzima kikaingia kama punje ya mchele. Hilo nalisema kwa wenzangu pia, na kwa maneno makali kuliko haya.

Basi ninachoomba ni hiki. Kabla ya mstari wa kwanza, nipigieni simu, mimi au mpima yeyote mnayemwamini. Tuchague bikoni moja ya kiwanja, ile iliyo imara, ambayo namba yake bado inasomeka kwenye zege. Andikeni kwenye karatasi ya kwanza namba ya bikoni hiyo, kodineti zake, mfumo na kanda, nyuzi ambazo jengo limezungushwa kutoka kaskazini, na sakafu ya chini iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Mistari mitano. Mhandisi wa miundo, wa umeme na wa maji wote wapewe faili moja lenye nukta hiyo, wachukue kodineti kutoka humo, na asiwepo wa kuingiza mchoro wa mwenzake katikati kwa katikati, hata kama ana haraka, hata kama ni kwa ajili ya kutazama tu. Mkibadilisha sifuri kwa sababu yoyote, niambieni siku ileile, kwa maandishi, na mtoe toleo jipya kwa kila mtu.

Ofisi moja hapa mjini inafanya hivi kila mradi. Mzee mwenye ofisi hiyo, aliyejifunza kazi kwa penseli na rula ya T, anakwenda mwenyewe kwenye kiwanja na kijana wake mchoraji kabla kompyuta haijawashwa. Wanaitafuta bikoni. Anamwambia kijana ainame aiguse kwa mkono. Nimeshaseti majengo manne ya ofisi ile, na katika yote manne kigingi cha kwanza na kipimo cha tepu vilitofautiana kwa unene wa msumari.

Jumatatu saa moja asubuhi naanza kuseti kiwanja kingine, jengo la ghorofa sita. Faili nililotumiwa juzi lina kodineti zinazoanza na 0, 0, na kona ya jengo haigusi nukta hiyo wala nukta nyingine yoyote niliyoiona ardhini. Vibarua kumi na wawili wameshaitwa. Mhusika atajitambua akiusoma waraka huu. Simu yangu iko wazi leo na kesho, kutwa nzima, na bikoni ya kona ya kaskazini-mashariki nimeshaisafisha majani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mpima